Kiingereza cha wiki sita

*Wageni wengi wanataka kuja kufundisha Kiingereza bure katika shule zetu za msingi. Ziba, wilayani Igunga, ina uhaba wa Kiingereza, lakini si kila anayejitolea anaupunguza.*

Rimu ya gari iliyotundikwa mtini inagongwa, kipindi kinabadilika. Mwalimu akitokea mlangoni, darasa zima husimama kwa kishindo.

"Gudi moningi, ticha!"

"Gudi moningi, klasi. Hau a yu?"

"Wi a faini, thenki yu, ticha!"

Wanaambiwa wakae, wanakaa, na hapo sehemu kubwa ya Kiingereza cha siku huwa imekwisha. Sarufi inaelezwa kwa Kiswahili. Maelekezo ya zoezi, kwa Kiswahili. Anayemchokoza jirani yake anakaripiwa kwa Kiswahili, na kwa madarasa ya chini hupenyezwa Kisukuma kidogo ili mambo yaende.

Yeyote aliyepita shule ya msingi ya serikali anaijua salamu hiyo kwa kichwa. Lakini katika kata kama Ziba, jimbo la Manonga, mkoani Tabora, ina uzito wa pekee. Watoto wengi hapa huanza maisha kwa Kisukuma au Kinyamwezi. Kiswahili hukizoea shuleni. Kiingereza kinakuja cha tatu, kikiwa somo la vipindi vichache kwa wiki, na nje ya ukuta wa darasa hakuna anayekitumia. Gulioni hakipo, shambani kwenye pamba na mpunga hakipo, machungani ndiyo kabisa.

Kisha mtoto huyo anafaulu darasa la saba. Januari anaingia sekondari, na karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Mada alizozijibu vizuri miezi michache iliyopita zinarudi zikiwa na sura ngeni. Anajua jibu, hawezi kuliandika. Anakaa kimya, na kimya hicho walimu wengi hukichukulia kuwa ni uzito wa kichwa.

Katika pengo hilo ndipo anapojitokeza mgeni wa kujitolea.

Ofa kutoka mbali

Kwa kawaida ni kijana. Amemaliza sekondari au chuo huko Ulaya au Marekani, ana miezi mitupu kabla ya kuanza kazi, na amelipa kampuni ya kuratibu safari ili apangiwe shule, pa kulala na wikiendi moja mbugani. Wengi wa aina hii huishia Arusha, Moshi na Zanzibar. Ukiitazama ramani ya wanakokwenda, ungedhani watoto wasiojua Kiingereza wote wanaishi penye mandhari nzuri. Tabora haina mlima wa kupanda wala ufukwe, hivyo anayefika huku mara nyingi ameletwa na kanisa, na urafiki wa mtu mmoja, au na mpango rasmi wa nchi yake.

Tuwe wakweli juu ya anacholeta. Mgeni asiyejua Kiswahili hulazimisha jambo ambalo mwalimu wa darasa hawezi kulilazimisha: mtoto akitaka kuongea naye, lazima atafute maneno ya Kiingereza. Kwa mara ya kwanza lugha hiyo ina kazi ya kufanya. Watoto ambao hawajawahi kunyoosha mkono hunyoosha. Wanasikia matamshi ambayo kitabu hakiwezi kuwapa. Na mgeni hana woga wa kuonekana mjinga akiimba na kurukaruka mbele ya watu, jambo ambalo mwalimu wa miaka ishirini kazini huwa ameshaliacha.

Shida inaanzia palepale. Asiyejua Kiswahili hana pa kushika pale mtoto asipoelewa. Anarudia sentensi ileile kwa sauti kubwa zaidi. Hajui muhtasari, hana azimio la kazi, andalio la somo hajawahi kuliona. Kwa hiyo huanza na kile anachokiweza: rangi, namba, viungo vya mwili. Wiki sita zinakwisha, picha zinapigwa, machozi yanatoka, anaondoka. Wa mwaka unaofuata akija, anaanza na rangi, namba na viungo vya mwili.



Kuna hasara nyingine ambayo mashuleni huzungumzwa kwa sauti ya chini. Mgeni anapopewa kipindi, mwalimu wa somo hukaa pembeni au hutoka nje kusahihisha madaftari. Watoto wanaona. Mgeni akishaondoka, mwalimu huyohuyo anarudi kufundisha Kiingereza mbele ya darasa lililokwisha kufundishwa kwamba Kiingereza halisi si chake.

Aliyejitolea kabla yao

Mkoa huu una mfano wa zamani wa mwalimu wa Kiingereza wa kujitolea, na hakutoka ng'ambo. Kati ya 1946 na 1949 Julius Nyerere, kijana mwenye diploma ya ualimu ya Makerere, alikuwa akifundisha St. Mary's, shule ya misheni mjini Tabora. Shule ya serikali, Tabora Boys, nayo ilikuwa imemtaka; alichagua misheni ingawa mshahara wake ulikuwa mdogo zaidi. Na baada ya saa za kazi aliwafundisha watu wazima wa mjini Kiingereza bila kuwatoza chochote.

Mfano huu nautaja kwa sababu una kila kitu ambacho mgeni wa wiki sita hana. Mwalimu alisomea ualimu. Alikuwa mwanafunzi Tabora tangu 1937, kwa hiyo mji aliufahamu. Alikaa miaka. Na wanafunzi wake walikuwa watu wazima waliojua wanakitafutia nini Kiingereza, katika nchi iliyotawaliwa kwa lugha hiyo.

Hilo la mwisho ni zito. Kiswahili chenyewe kilienea Unyamwezi kwa njia ya misafara, kusini ya hapa, kwenye barabara ya wapagazi kutoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe hadi Ujiji. Wanyamwezi walishuka pwani na pembe za ndovu, wakapanda na nguo, shanga na lugha. Hawakusubiri mwalimu wa kujitolea. Biashara ilikuwa ikizungumza Kiswahili, nao walitaka kuwamo.

Uhuru ulipokaribia wageni walianza kuja kwa mipango. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea Peace Corps, mpango wa Marekani wa watu wa kujitolea, mwaka 1961, ingawa kundi lile la mwanzo lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, walimu walifuata. Mwaka 1969 waliondoka, wakarudi 1979. Waingereza walikuja kupitia VSO, shirika lao la kujitolea, Wajapani nao wakaleta vijana wao. Peace Corps wa leo hupewa miezi takriban mitatu ya mafunzo, Kiswahili kikiwamo, kisha hukaa kituoni miaka miwili, na wale wa elimu kwa kawaida hupelekwa sekondari. Hata hivyo mpango huo una lawama zake. Lakini miaka miwili si wiki sita, na anayeweza kumsalimia bibi wa jirani kwa Kiswahili, hata kwa Kisukuma cha kuokoteza, ameshapanda ngazi.

Watu wa Ziba wana kipimo chao karibu zaidi. Jirani, kwenye kata ya Nkinga, iko hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden, ambayo leo ni ya rufaa. Wamisionari wale walikaa, na pembeni ya hospitali kikaota chuo cha kufundisha wauguzi. Ndiyo maana mgonjwa anayefika Nkinga leo anahudumiwa na Watanzania.

Mwalimu wa darasa naye alifundishwa na nani?

Ni rahisi kumcheka mwalimu ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Ni haki zaidi kuuliza alikipata wapi.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kila mtoto aende shule ifikapo 1977. Ulikuwa uamuzi mkubwa na wa haki. Walimu wa kutosha hawakuwapo, hivyo maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba waliwekwa mbele ya madarasa huku wakifundishwa kazi hapohapo kazini. Tunawaita walimu wa UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote, hadi leo. Miaka ya 2000, sekondari za kata zilipofumuka kila mahali, walipatikana walimu wa mafunzo ya haraka ambao mtaani walibatizwa "Vodafasta". Kisha ada ikafutwa mwanzoni mwa 2016, madarasa yakajaa pomoni. Kila wimbi liliongeza watoto kabla ya kuongeza walimu, na somo lililoumia zaidi ni lile ambalo mwalimu mwenyewe hakuwahi kulitumia nje ya mtihani.

Serikali ilijua mapema. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kiendelee kutumika kufundishia hadi sekondari, kuanzia 1985. Pendekezo lilikataliwa. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd walionyesha kuwa wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kusomea chochote. Jibu likawa mradi wa Waingereza wa kukitia nguvu. Robo karne baadaye, watafiti wa Uwezo walipopita nyumba kwa nyumba mwaka 2010, takriban nusu ya waliokuwa wakimaliza msingi hawakuweza kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili.

Hapo ndipo kambi mbili zinapogongana, na hazijaacha. Wazazi, wa Igunga mjini kama wa Dar es Salaam, wanataka Kiingereza na wanakitaka jana. Mwenye uwezo anampeleka mwanawe "English medium" na kulipa ada kwa msimu wa pamba. Upande wa pili wapo wanataaluma kama Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao kwa miaka mingi wameeleza kwamba kufundishia kwa Kiingereza si njia ya kufundisha Kiingereza: acha sayansi ieleweke kwa Kiswahili, kisha Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo, na mwalimu aliyeandaliwa. Mimi naegemea huko. Lakini hata ukiegemea kwa wazazi, unafika mlango uleule: mwalimu aliyeandaliwa.

Waliojitolea na hawakupigwa picha

Kati ya 2014 na 2020 mkoa wa Tabora ulikuwa ndani ya EQUIP-Tanzania, mpango wa kuinua elimu ya msingi uliogharimiwa na Uingereza. Waendeshaji waligundua jambo ambalo bibi yeyote wa Ziba angewaambia bure: mtoto asiyesikia Kiswahili nyumbani huanza shule akiwa nyuma. Wakaanzisha darasa la utayari, wiki chache za hadithi, nyimbo na michezo kabla ya shule, likiendeshwa na wasaidizi waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe. Mtoto aliyekwama aliokolewa kwa lugha ya mama yake, kisha akarudishwa kwenye Kiswahili.

Huko ni kujitolea kufundisha lugha, na kulifanywa na majirani.

Leo wapo wengine. Nchi ina walimu waliosoma, wenye vyeti, diploma na shahada, na hawana kazi. Nafasi zaidi ya 14,000 za ualimu zilizofanyiwa usaili mapema 2025 ziliombwa na watu zaidi ya 200,000. Ni wakati huohuo ambapo walimu wasio na ajira walijitokeza hadharani kupitia umoja wao, NETO. Wengine wanaendesha bodaboda, wengine wapo kwenye uwakala wa pesa, wengine wanapiga tempo shule binafsi. Na wengine wanaingia darasani kila asubuhi katika shule za serikali bila mshahara, kwa posho itokanayo na michango ya wazazi pale inapopatikana, wakitumaini kwamba ajira zikitangazwa watakumbukwa.

> Tunamwita mmoja "mgeni wetu wa kujitolea" na kumchinjia kuku. Mwingine tunamwita "yule wa kujitolea" na kumdai afike kabla ya mwalimu wa zamu.

Huyu anakijua Kisukuma. Anajua kwamba msimu wa kulima mahudhurio yanashuka na kwamba mchunga ng'ombe akikosa wiki mbili lazima afuatiliwe nyumbani. Atakuwapo mwezi ujao. Kiingereza chake huenda si cha kutamba, lakini kinaweza kunolewa, na kunolewa huko kungegharimu sehemu ndogo tu ya tiketi ya ndege.

Sheria na ulinzi wa mtoto

Wakuu wa shule hulisahau hili, hivyo liandikwe wazi. Kujitolea ni kazi mbele ya sheria. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 inamtaka mgeni awe na kibali cha kazi, na uhamiaji huwapa wanaojitolea kibali cha ukaazi cha daraja C. Anayeingia kwa viza ya utalii kisha akasimama mbele ya darasa amevunja sheria hata kama hapati senti.

Na vibali si karatasi tu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatutaka tumlinde mtoto, na kumlinda kunaanza kwa kujua nani yuko naye chumbani. Huko wanakotoka wageni hawa, mtu hafundishi watoto kabla ya polisi kuthibitisha rekodi yake. Hakuna sababu ya mtoto wa Ziba kupata ulinzi mdogo kuliko wa Stockholm au Chicago. Picha za wanafunzi nazo zina wenyewe, mzazi aulizwe.

Nafasi iliyopo

Mwaka 1968 padri Ivan Illich aliwaambia vijana wa Marekani waliokuwa wakijitolea Mexico kwamba waje kutembea, waje kujifunza, lakini wasije kusaidia. Maneno makali, na sidhani tuyachukue yote. Mgeni ana nafasi, ila si mbele ya darasa akiwa peke yake.

Sisi wenyewe tunao mfano mwema tunaoupeleka nje. Vijana walimu wa Kitanzania huenda vyuo vikuu vya Marekani kwa mpango wa Fulbright kusaidia kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja wa masomo. Wanatakiwa wawe wamesomea kazi hiyo, wakijue Kiingereza, na huko wanafanya kazi chini ya uangalizi wa idara ya chuo. Hakuna chuo cha Marekani kinachomkabidhi Mtanzania wa miaka kumi na tisa darasa kwa sababu tu anaongea Kiswahili tangu utotoni. Masharti wanayotuwekea wao, nasi tuyaweke.

Mahali pa kumweka mgeni papo tayari. Serikali ina utaratibu wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambapo walimu hukutana shuleni kwao au kwenye kituo cha walimu cha kata kujadili somo linalowasumbua. Mgeni akae hapo. Azungumze na walimu watu wazima, kwa faragha, pasipo watoto wa kuwacheka. Wasome pamoja kitabu cha darasa la tano, warekebishe matamshi, watunge maswali, warekodi hadithi kwenye simu ili mwalimu azipige darasani hata mgeni akisharudi kwao. Mchana aingie darasani kama msaidizi, mwalimu wa somo akiongoza. Mwalimu mmoja akipata ujasiri wa kuongea Kiingereza dakika ishirini mfululizo, faida yake itawafikia watoto wa miaka yote aliyobakiza kazini.

Muda nao uwekewe sakafu. Asiyeweza kukaa muhula mzima na apokelewe kama mtalii, aonyeshwe mpunga na bonde la Manonga, anunue chochote gulioni, aende salama. Hilo nalo ni jambo jema, na halihitaji shule.

Fedha wanazolipa wageni kwa kampuni za safari zingestahili kuulizwa zinafika wapi. Mkuu wa shule anayepewa mgeni ana haki ya kudai sehemu yake iende kwenye posho ya mwalimu wa kujitolea wa hapahapa. Kamati ya shule inaweza kulifanya kuwa sharti. Halmashauri ya Igunga, na nyinginezo mkoani, zina uwezo wa kutoa mwongozo wa ukurasa mmoja kuhusu nani apokelewe, kwa muda gani na akafanye nini, badala ya kila mwalimu mkuu kuamua peke yake mgeni akiwa tayari amesimama getini na begi.

Hakuna muda mrefu wa kusubiri. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi imekatwa kutoka miaka saba hadi sita. Kwa hesabu hiyo darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, na Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo, kusoma kwa Kiingereza.